Zoezi la mtandaoni linaloonyesha mtoto amekwama wapi: mwongozo kwa mwalimu wa shule ya msingi

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Uviko-19, kazi nyingi zilizowafikia watoto wa Tanzania na Kenya zilikuwa picha za karatasi za mtihani zilizotumwa kwenye grupu la wazazi la WhatsApp. Majibu yaliyorudi yalikuwa machache, mengine yana mwandiko wa kaka au dada, na yaliyosahihishwa yaliishia kwenye alama: huyu 14, yule 9. Tangu wakati huo vifaa vimeongezeka. Walimu wengi wa shule za umma Tanzania wana vishikwambi vilivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022, na simu janja zimeingia hata kwenye nyumba ambazo zamani hazikuwa nazo. Kilichobaki nyuma ni utungaji wa zoezi lenyewe.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kutuma zoezi wakati wa likizo au mwisho wa wiki, likafanywe nyumbani kwa simu ya mzazi. Mifano ni ya Hisabati na Sayansi za darasa la tano na la sita. Anayefundisha sekondari au chuo atabadilisha mada, utaratibu utabaki uleule. Msimamo wangu nauweka mapema: zoezi la mtandaoni tulipime kwa majibu yake yenye makosa. Mtoto akikosa swali na wewe usijue amekosea nini, swali hilo limekula bando la mzazi bure.

Hatua ya 1: Amua utayafanyia nini majibu

Kabla hujagusa simu, andika kwenye daftari sentensi moja: "Majibu yakirudi, nitafanya hivi." Usipoweza kuimalizia, zoezi halijawa tayari kutungwa.

Sababu zinazokubalika ni mbili. Ya kwanza ni kujua nini kirudiwe darasani na kwa nani. Ya pili ni kumfanya mtoto akumbuke alichosoma. Hii ya pili tunaidharau, na ushahidi wake ni mzito. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine wakajaribu kuandika walichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo zoezi la maswali 6 linalorudi kila wiki, likigusa mada ya wiki hii na ya mwezi uliopita, linafundisha hata kama hakuna alama inayoandikwa popote.

Sababu ya tatu, kutoa alama za kuwapanga watoto kwa nafasi, siishauri kwa kazi inayofanyiwa nyumbani. NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) na KNEC (Baraza la Mitihani la Kenya) huweka wasimamizi kwenye vyumba vya mitihani kwa sababu ya msingi: alama ina maana pale tu unapojua ni nani aliyeandika jibu. Nyumbani hujui. Ukiacha kugombania alama, matatizo mengi ya udanganyifu yanapungua yenyewe, kwa sababu mtoto hana cha kuiba.

Hatua ya 2: Ijue simu itakayotumika

Kwenye kikao cha wazazi, au kwa kupiga simu, uliza mambo matatu: nani ana simu janja, simu hiyo inakuwa nyumbani saa ngapi, na mzazi huweka bando la siku, la wiki au hanunui kabisa. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua umbo la zoezi.

Simu ya mama anayeuza sokoni inarudi nyumbani jioni ikiwa na chaji kidogo, na watoto watatu wa madarasa tofauti wanaisubiri. Zoezi linalofunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 6 mchana limeshamkosesha mtoto huyu kabla hajasoma swali la kwanza. Fungua Ijumaa jioni, funga Jumapili usiku. Lifanywe ndani ya dakika 15, maswali yasizidi 10.

Muda wa kuhesabu sekunde uuache, isipokuwa kama unachopima ni kasi yenyewe. Michezo ya maswali kama Kahoot, ambayo mtoto hupata pointi zaidi akijibu haraka, inachangamsha sana kwenye chumba cha kompyuta chenye intaneti nzuri. Nyumbani inampa ushindi mwenye mtandao wa kasi.

Mambo mengine ya simu ni mafupi. Picha ziwe chache na uzipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha. Majedwali mapana hayasomeki kwenye skrini ndogo. Usitegemee rangi peke yake ("angalia duara jekundu"), kwani wapo watoto wasiotofautisha rangi na zipo skrini zilizopasuka. Video usiitumie kabisa kwenye zoezi.

Chombo kitokane na ulichoambiwa na wazazi. Google Forms inafaa kwa wenye intaneti ya kawaida, ni bure na inasahihisha maswali ya kuchagua yenyewe, lakini inahitaji mtandao wakati wa kujibu. Moodle, programu iliyoanzia Australia mwaka 2002 na inayotumika kwenye vyuo vingi vya Afrika Mashariki, ina uwezo mkubwa zaidi: app yake ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua jaribio, kulijibu bila mtandao na kulituma baadaye, mradi mwalimu ameruhusu hilo kwenye mipangilio. Tatizo ni kwamba Moodle inahitaji mtu wa kuisimamia. Telegram nayo ina kura za mtindo wa jaribio tangu 2020, zinazomwonyesha anayejibu papo hapo kama amepata. Na kwa familia zenye simu ya kitochi, SMS inatosha kabisa: "Swali 1. 2/3 + 1/4 = ? A. 3/7 B. 11/12 C. 3/12 D. 2/12. Jibu: 1A, 1B, 1C au 1D."

Hatua ya 3: Chora jedwali la kutahini, hata dogo

Walimu tunalifahamu jedwali hili tangu chuoni, na wengi tunaliruka tunapotunga zoezi dogo. Kwa maswali 10 linachukua dakika 5. Upande mmoja orodhesha mada ulizofundisha, juu andika ngazi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua. Huo ni mpangilio uliotokana na kazi ya Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956. Kisha gawa maswali yako kwenye vyumba vya jedwali.

Faida yake utaiona mara moja: ukitunga bila jedwali, maswali 8 kati ya 10 huangukia kwenye kukumbuka. Na mtandaoni swali la kukumbuka ndilo swali dhaifu kuliko yote, maana jibu lake lipo kwenye simu ileile anayoishika mtoto.

Hatua ya 4: Tunga maswali kuanzia kwenye kosa

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Mwalimu anayetunga swali la kuchagua huanza na shina, yaani swali lenyewe, anaandika jibu sahihi, halafu anajaza nafasi zilizobaki kwa namba zozote. Geuza utaratibu huo. Baada ya jibu sahihi, jiulize: mtoto ambaye hajaelewa atafanya nini hasa? Fanya hesabu kama atakavyoifanya yeye, hatua kwa hatua, na jibu atakalolipata liwe kipotoshi chako, yaani chaguo lisilo sahihi la kumvuta asiyeelewa.

Tuchukue kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Swali linalokuja haraka kichwani ni hili: 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6. Mtoto anayejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili atapata 2/5. Anayetafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) vizuri, yaani 6, lakini akasahau kubadilisha kiasi, atapata 2/6. Hadi hapo ni safi. Sasa anayezidisha badala ya kujumlisha atapata 1/6, na anayetoa badala ya kujumlisha naye atapata 1/6. Watoto wawili wenye makosa mawili tofauti wamekutana kwenye herufi moja, na wewe ukiona "C" hutajua umshike mkono yupi kwa lipi.

Badilisha namba: 2/3 + 1/4. Jibu sahihi ni 11/12. Aliyejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini anapata 3/7. Aliyepata KDS 12 akaacha kiasi kama kilivyo anapata 3/12. Aliyezidisha anapata 2/12. Aliyetoa anapata 5/12. Kila kosa limepata nyumba yake. Swali ni lilelile, mada ni ileile, ila la pili linakupa taarifa ambazo la kwanza linazificha. Ndiyo maana nasema namba za swali zichaguliwe kwa makusudi, baada ya kuzijaribu kwa kalamu.

Mfano wa pili ni wa desimali. Muulize mtoto: ipi ni kubwa kuliko zote kati ya 0.4, 0.35 na 0.125? Anayedhani tarakimu nyingi ndio ukubwa atachagua 0.125, kwa kuwa anasoma 125, 35 na 4. Umemnasa. Lakini yupo mwingine anayeamini kinyume chake, kwamba desimali fupi ndiyo kubwa siku zote. Labda alisikia kuwa sehemu za elfu ni ndogo kuliko sehemu za kumi, akalibeba hilo hadi mahali pasipohusika. Huyu atachagua 0.4 na utampa vema, ingawa hajui. Kwa hiyo liweke swali la pili mbele kidogo kwenye zoezi hilohilo: 0.3, 0.45 na 0.624. Sasa aliyeshika kanuni ya ufupi ataanguka kwenye 0.3. Ukiyasoma maswali hayo mawili kwa pamoja unapata makundi matatu ya watoto, na kila kundi linahitaji somo lake.

Makosa ya kweli utayatoa wapi? Kwanza kwenye madaftari unayosahihisha kila siku: ukiona kosa limejirudia kwa watoto watatu, liandike pembeni. Chanzo cha pili ni hazina ambayo walimu wachache huifungua: NECTA huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya wanafunzi kwa kila somo. Humo utakuta swali, asilimia ya waliochagua kila herufi, na maelezo ya kwa nini kipotoshi fulani kiliwavuta wengi. Ni kazi ya kitaifa iliyokwisha kufanywa, inakusubiri tu uisome.

Kuhusu idadi ya machaguo, wengi tumezoea manne au matano. Mwaka 2005 Michael Rodriguez alikusanya tafiti za miaka 80 kuhusu jambo hili na akahitimisha kuwa machaguo matatu yanatosha katika hali nyingi. Binafsi naongozwa na makosa: kama nina makosa matatu halisi, naweka machaguo manne, kama ni mawili, naweka matatu. Kujaza nafasi kwa jibu ambalo hakuna mtoto atakayelichagua kunamwongezea tu maandishi ya kusoma. Ndiyo na Hapana yatumie kwa nadra, kwa sababu mtoto akibahatisha maswali 20 ya aina hiyo anategemewa kupata kama 10 bila kujua chochote.

Yapo mambo madogo yanayovujisha jibu, na Kiswahili kina la kwake: upatanisho wa kisarufi. Angalia swali hili: "______ yanatengeneza chakula cha mmea. A. Mzizi B. Majani C. Shina." Mtoto hahitaji kujua Sayansi, "yanatengeneza" limeshamwambia ni B. Liandike hivi: "Chakula cha mmea hutengenezwa hasa katika: A. mizizi B. majani C. maua." Jibu sahihi pia lisiwe refu kuliko mengine, kosa ambalo walimu hulifanya kwa kutaka jibu lao lisipingwe. Epuka "yote hapo juu". Ukilazimika kutumia kikanushi kwenye shina, andika kwa herufi kubwa: "Ni kipi SI chanzo cha mwanga?" Na kila swali lisimame lenyewe, mtoto aliyekosa la 3 asikose la 4 kwa sababu hiyohiyo.

Maswali mawili kati ya 10 yawe ya kueleza. Kwa Sayansi, mathalani: "Neema aliuweka mche wa maharage kwenye kabati lenye giza, akaumwagilia maji kila siku. Mche wa Baraka ulikaa dirishani na ulimwagiliwa vilevile. Baada ya wiki mbili mmoja una majani ya njano na shina refu jembamba. Ni wa nani, na kwa nini?" Hapa utamkuta mtoto anayeandika kwamba mmea hupata chakula chake kwenye udongo. Imani hiyo ni ya kawaida sana, na swali la "chakula cha mmea hutengenezwa wapi" haliigusi, maana jibu "majani" linakaririwa na mtu anayeamini hayo mawili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Andika maelezo ya kurudi kwa mtoto

Mtoto aliyekosa swali Jumamosi usiku hatakiwi kusubiri hadi Jumatatu. Mrejesho wa papo hapo ndio faida kubwa ya mtandao, na "Umekosa, jaribu tena" hakumsaidii mtu. Mwandikie aliyechagua 3/7: "Inaonekana umejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Jaribu hili: 1/2 + 1/2 kwa njia yako inatoa 2/4, ambayo ni nusu. Je, nusu chapati na nusu chapati ni nusu chapati?" Mtoto atacheka, kisha atafikiri.

Google Forms ina kikwazo hapa. Maelezo yake ni ya aina mbili tu kwa kila swali, moja kwa aliyepata na moja kwa aliyekosa, na huonekana baada ya kutuma. Haitofautishi aliyechagua 3/7 na aliyechagua 3/12. Moodle inaweza. Lakini ipo njia ndani ya Google Forms: gawa fomu katika sehemu, kisha kwenye swali la kuchagua washa mpangilio wa kumpeleka mjibu kwenye sehemu kulingana na jibu lake. Aliyechagua 3/7 anapelekwa kwenye ukurasa wenye maelezo hayo ya chapati na swali jingine dogo la kufanana, halafu anarudishwa kwenye njia kuu. Inachosha kuitengeneza kwa maswali yote 10. Ifanye kwa maswali mawili yanayobeba mada, mengine yapate maelezo ya kawaida.

Hatua ya 6: Ipange fomu

Fungua fomu mpya kwenye Google Forms. Nenda kwenye mipangilio uwashe chaguo la kuifanya kuwa jaribio, ndipo utaweza kuweka majibu sahihi na alama. Ruhusu matokeo yaonekane mara baada ya kutuma.

Chaguo la kumzuia mtu kujibu zaidi ya mara moja liache limezimwa. Linamlazimu mjibu kuingia kwa akaunti ya Google, na watoto wawili wa familia moja wanaotumia simu moja watagombana na fomu. Kwa sababu hiyohiyo usitumie swali la kupakia faili, nalo linadai akaunti. Ukitaka kuona njia ya hesabu, mwambie mtoto aifanye kwenye daftari, mzazi apige picha na kukutumia wewe binafsi kwa WhatsApp.

Mpangilio wa machaguo uchanganywe kwa kila mjibu kwenye maswali ambayo mpangilio hauna maana. Kwenye desimali na namba nyingine, nashauri uyaache kwa mfuatano wa ukubwa ili mtoto asipoteze muda kutafuta. Kwenye maswali ya kujaza, ingiza kila namna ya kuandika jibu sahihi: "11/12", "11 / 12", "kumi na moja ya kumi na mbili". Kompyuta inafananisha herufi, haijui kuwa ni kitu kimoja.

Jina la mtoto usiliulize. Mpe kila mmoja namba, inaweza kuwa ya rejesta, na swali la kwanza liwe kujaza namba hiyo. Orodha ya majina ya darasa zima iliyowekwa kwenye fomu itasomwa na yeyote atakayepata linki, na linki za WhatsApp husambaa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Waambie wazazi mapema unakusanya nini na kwa sababu gani, na alama za mtoto mmoja zisionekane kwenye grupu.

Hatua ya 7: Lijaribu kwa simu mbaya kuliko zote

Tafuta simu ndogo ya zamani, zima WiFi ya shule, tumia data ya kawaida, ulijibu zoezi lako mwanzo hadi mwisho. Kisha mpe mwalimu wa somo jingine alijibu bila maelezo yako, pale atakapokuuliza "una maana gani hapa?" ndipo pa kurekebisha. Hakiki majibu sahihi uliyoyaweka kwenye mfumo moja baada ya jingine.

Hatua ya 8: Zungumza na mzazi kabla ya kutuma

Ujumbe wa kumpelekea mzazi una uzito kuliko ulinzi wowote wa kiteknolojia. Andika kwa heshima na uwazi: "Mzazi mpendwa, zoezi hili halina alama za ripoti. Nalitumia kujua nimsaidie wapi mtoto wetu wiki ijayo. Naomba umwachie ajibu mwenyewe hata akikosa. Ukimpa jibu, nitadhani ameelewa na nitaendelea mbele. Litachukua kama dakika 15, liko wazi hadi Jumapili saa 3 usiku." Wazazi wengi husaidia kwa mapenzi. Wakijua kuwa kosa la mtoto lina kazi, huliacha.

Programu za akili mnemba zimeenea tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, na siku hizi mtoto mwenye simu janja yenye intaneti anaweza kupiga picha swali na kupewa jibu lenye maelezo. Kumrekodi kwa kamera hakufai kwa mtoto wa miaka 11 nyumbani kwao. Linalosaidia ni kumpa kazi ambayo lazima mikono yake iguse kitu. Apande mbegu mbili za maharage kwenye makopo, moja lifunikwe na ndoo na jingine likae nje, apige picha kila baada ya siku mbili na kueleza kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja anachokiona. Maharage huota ndani ya wiki moja hivi, likizo fupi inatosha. Sauti ya mtoto akieleza kwa maneno yake, akisitasita na kujirekebisha, inakuonyesha uelewa kuliko karatasi nzima ya herufi. Isahihishe kwa ngazi tatu tu: ameona na kutaja tofauti, ametaja tofauti na sababu, ametaja sababu na kuihusisha na mwanga na utengenezaji wa chakula.

Hatua ya 9: Soma majibu kwa safu, kisha kwa mtoto

Jumatatu usianze na wastani. Fungua swali moja moja uangalie waliochagua kila herufi.

Tuseme darasa lina watoto 60 na 48 wamejibu. Kwenye 2/3 + 1/4, waliopata 11/12 ni 19, waliochagua 3/7 ni 21, waliochagua 3/12 ni 6 na waliochagua 2/12 ni 2. Waliopata ni 19 kati ya 48, kama asilimia 40. Asilimia hiyo peke yake ingekufanya urudie mada nzima. Mgawanyo wa makosa unakwambia kitu kingine: watoto 21 hawajajua kwa nini asili lazima zilingane, na kuwakaririsha KDS tena hakutawafaa. Wanahitaji karatasi ya kukunja na kukata, waone theluthi na robo ni vipande vya ukubwa tofauti. Wale 6 wanajua KDS, wamekwama kwenye kubadilisha kiasi. Hao wakae na wewe dakika 10 wakati wengine wanafanya zoezi. Wale 2 waulize tu, pengine hawakusoma alama ya kujumlisha.

Kagua pia kama swali lenyewe ni zima. Panga watoto kwa jumla ya alama, chukua karibu asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Kwa watoto 48 ni 13 kila upande. Kama 11 wa juu walipata na 2 wa chini walipata, toa: 9. Gawa kwa 13, unapata karibu 0.69. Zaidi ya 0.3 ni swali zuri. Ikikaribia sifuri, swali halitenganishi anayejua na asiyejua. Ikiwa hasi, yaani waliofanya vizuri kwa jumla ndio waliolikosa, anza kwa kushuku jibu ulilolisajili kuwa sahihi. Moodle inakukokotolea kipimo kinachofanana na hiki. Kwenye Google Forms utafanya hesabu hii kwa kupeleka majibu kwenye jedwali la kompyuta au kwa kalamu.

Halafu wapo wale 12 ambao hawakujibu. Wafuate kabla ya jambo lolote lingine, mmoja mmoja, bila kuwasimamisha mbele ya darasa. Mwingine simu iliharibika, mwingine mama alisafiri, mwingine alifungua akaogopa. Wape maswali hayohayo kwenye karatasi siku hiyo, yenye machaguo yaleyale, na makosa yao uyajumlishe kwenye hesabu yako. Ukipanga somo la wiki kwa kuangalia waliojibu peke yao, umewapangia wenye simu.

Mwisho, wahakiki watoto wote kwa maswali mawili yanayofanana na ya mtandaoni, kwenye karatasi, darasani, dakika 5. Aliyepata yote nyumbani na kukosa yote darasani umwite pembeni kwa upole, umwombe akueleze alivyofikiri. Maswali yaliyofanya kazi yahifadhi kwenye faili lako pamoja na idadi ya waliochagua kila kipotoshi, ili mwakani mwalimu atakayelipokea darasa hilo aanze na maswali yaliyokwisha kujaribiwa.